Bangili Ilisoma Damu ya Nani

Bangili ya Sekela Mwaijande iligeuka nyekundu mchana, darasani, mkono wake ukiwa umeinuliwa ubaoni kuchora volkano iliyozaa Ziwa Ngosi. Wanafunzi waliiona kabla yake. Msichana wa dawati la mbele aliinamisha uso, na ukimya ukatambaa dawati kwa dawati mpaka mlangoni. Sekela akautazama mkono wake, akamaliza mstari aliokuwa akiuchora, akawaambia wasome ukurasa unaofuata, kisha akatoka. Mvua ya Rungwe ilikuwa ile isiyokatika. Alitembea nayo mpaka Kituo cha Uzazi cha Igonile, mwavuli ukiwa umekunjwa kwapani.

Kila mjamzito wa Igonile alivaa bangili. Alivishwa mimba inapotimiza miezi mitatu na kuvuliwa siku ya kujifungua. Ilikuwa nyepesi kama uzi wa shanga, na ilisoma damu kupitia ngozi bila kumchoma mtu. Rangi yake ya kawaida ilikuwa nyeupe. Ikiwa ya njano, nesi alikuja nyumbani. Ikiwa nyekundu, maana yake ni kwamba mtoto hataishi.

Daktari Tumpe Mwasyeba ndiye aliyeongoza chumba cha usomaji. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kuongea polepole, kana kwamba kila neno analionja kwanza. Alizipenda bangili kwa sababu yake mwenyewe: mama yake mdogo aliwahi kupoteza mimba baada ya kuchomwa ile sindano ndefu ya tumboni iliyotumika zamani kuvuta maji ya uzazi na kuyachunguza. Bangili ilikuja, sindano ikaachwa. Hapakuwa na chuo kilichoifundisha tena, na vifaa vyake vilikuwa nyuma ya vioo kwenye makumbusho ya Dar es Salaam.

Alipomwona Sekela mlangoni akichuruzika maji, Tumpe hakuhitaji kuuliza. Huyu alikuwa mwanamke wa tatu tangu masika yaanze. Alimkalisha, akamfunika shuka, akafungua mchoro wake ukutani.

Katika damu ya mjamzito huelea vipande vidogo mno vya vinasaba, mabaki ya chembe zilizokufa. Vingi ni vya mama mwenyewe. Vichache hutoka kwenye kondo la nyuma, ambalo limetokana na mbegu ile ile ya mtoto. Bangili haiwezi kukishika kipande kimoja kimoja na kusema hiki cha mama, hiki cha mwana. Huvihesabu vyote kwa pamoja, ikichukulia kwamba mama ni mzima, na kwamba chochote kilichozidi au kupungua ni cha mtoto. Mstari wa mimba nzima hunyooka. Wa Sekela ulipanda na kushuka kama barabara ya kwenda Kitulo.

Tumpe akamweleza kwa sauti ile ile aliyowaeleza wawili waliotangulia. Kromosomu nyingi zilionekana kuzidi na nyingine kupungua, na mtoto wa namna hiyo hufia tumboni au mara tu anapozaliwa. Sheria iliruhusu mama kuamua mapema ili asibebe msiba mpaka mwisho, lakini ilikuwa na mpaka wake, na kwa mimba ya Sekela mpaka ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sekela alisikiliza, mikono miwili juu ya tumbo. Akasema mtoto amecheza asubuhi. Akaomba abadilishiwe bangili. Tumpe akatoa nyingine kwenye boksi lililokuwa bado limefungwa, ikawa nyekundu. Akatoa ya tatu; nayo vilevile. Ndipo Sekela akaivua mwenyewe, akaiweka mezani, akaisukuma taratibu upande wa daktari.

"Vaa wewe."

Tumpe akamwambia kwamba haitasaidia. Kwa asiye na mimba bangili haina cha kusoma. Itageuka ya kijivu na kuandika mstari ulionyooka kama maji yaliyotulia.

"Basi nionyeshe huo mstari ulionyooka," Sekela akasema. "Nikiuona kwa macho yangu, nitakubali ya kwangu."

Lilikuwa ombi dogo la mtu aliyekuwa akifiwa. Tumpe akaivaa. Bangili ikawa ya kijivu, ikakaa hivyo kiasi cha mtu kunywa maji, kisha ikaanza kupata wekundu pembeni, ukaenea, ukazunguka kifundo chote cha mkono. Wanawake wote wawili waliutazama mkono ule. Mvua ilipiga bati.

"Mimi sina mimba," Tumpe akasema.

*

Kilichofuata Tumpe alikikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka kukimbia mteremko: hakuweza kusimama hata kama angetaka. Aliuchukua mchoro wake mwenyewe akaulaza juu ya mchoro wa Sekela. Vilima vikaingia kwenye vilima, mabonde kwenye mabonde. Akaivuta michoro ya wale wanawake wawili wa mwanzo wa masika akailaza juu yake. Minne ikawa mmoja.

Hofu yake ya kwanza ilikuwa saratani. Vitabu vilisema wazi kwamba uvimbe wa mama humwaga vipande vyake kwenye damu na kuivuruga bangili, na daktari aonapo vurugu kubwa hivyo lazima amkague mama mwenyewe. Tumpe alikijua kifungu hicho. Alikuwa amewakagua wale wawili kwa picha, hakuona uvimbe, akarudi kumlaumu mtoto. Sasa alisimama mbele ya ukuta akijigusa shingo na makwapa bila kujitambua, halafu akaishusha mikono. Kila saratani huvuruga kwa namna yake. Haiwezekani wanawake wanne wasio ndugu wawe na uvimbe unaochora picha moja.

Akatoka na boksi la bangili kwenda ofisi ya mkurugenzi, Sekela nyuma yake na shuka mabegani. Mzee Ambakisye Kajuni alikuwa daktari wa siku nyingi, mpole, mwenye mvi zilizomwenea kichwani. Hakuelewa anachoambiwa, lakini alinyoosha mkono akavishwa. Ikawa nyekundu. Nesi wa zamu akavaa, nyekundu. Mpishi wa kituo, bwana wa umbo kubwa mwenye kicheko, akavaa akicheka. Kwake ikawa ya njano, akaacha kucheka.

"Kwa hiyo na mimi ni mjamzito," Mzee Ambakisye akasema, akiuzungusha mkono wake kwenye mwanga wa dirisha.

Hakuna aliyecheka, lakini hewa ya chumba kile ilibadilika. Tumpe aliisikia kifuani, msisimko uliochanganyika na aibu kwa kuwa unamjia mbele ya mwanamke aliyeambiwa mwanawe anakufa. Bangili hazikuharibika. Zilisoma vizuri kabisa. Zilikuwa zinasoma ugonjwa wa mji mzima, na kwa kuwa zimezoea mikono ya wajawazito tu, zilimbebesha mtoto.

Sasa ni ugonjwa gani? Tumpe alichota damu yake na ya Sekela, akaipaka kwenye kioo, akaweka chini ya hadubini, chombo ambacho kituo kilikitumia kuwaonyesha wageni wa shule. Chembe nyekundu zilikuwa kubwa mno, za umbo la yai, chache kuliko inavyopaswa. Chembe nyeupe zilikuwa na viini vilivyokatika vipande vingi kama mkungu uliogawanyika vibaya. Alizitazama muda mrefu. Aliwahi kuziona kwenye mtihani wa mwaka wa pili, na jibu lilikuwa upungufu wa vitamini ile itokayo kwenye nyama, maziwa na mayai, ambayo bila hiyo uboho hauwezi kunakili vinasaba vyake sawasawa. Chembe huanza kujengwa, hukwama njiani, hufa zikiwa bado zimo ndani ya mfupa, na vipande vyake vilivyokatika ovyo humwagika kwenye damu.

Akakumbuka ganzi ya miguuni iliyokuwa ikimsumbua tangu mwaka uliopita, aliyoilaumu baridi.

Ila jibu hilo halikuwezekana. Tangu tauni ya mifugo ilipofagia mazizi yote kuanzia Mbeya mpaka ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mwishowe na kuku, watu wa Igonile, ambako samaki hawakufika, waliishi kwa ndizi, viazi, maharage na kijani. Kijani kilikuwa uji mzito wa mwani uliokuzwa kwenye matangi juu ya mji. Kiliingia kwenye ndizi za mbalaga, kwenye chai, kwenye kikombe cha mtoto anayeachishwa ziwa. Na kijani kilipimwa kila shehena, vitamini ile ikiwemo. Tumpe akapima damu yake mwenyewe papo hapo. Mashine ikasema vitamini imejaa.

"Mpigie mume wangu," Sekela akasema kutoka kwenye kiti. Alikuwa ameifuata kila hatua bila kuuliza swali. "Lusajo ndiye anayeyaendesha matangi."

*

Lusajo alikuja na buti za kazini, koti likinuka mwani. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kuhusu bangili tu, kwa hiyo alipoingia alimwendea mke wake moja kwa moja na kupiga magoti mbele ya kiti chake, mbele ya watu, akamshika mikono. Ilibidi Sekela amwinue na kumwambia amsikilize daktari.

Alisikiliza akiwa amesimama. Mwanzoni alikataa. Akasema mwani wa sasa ni bora kuliko wa zamani, na kila mtu anajua hivyo: miaka mitatu nyuma, njaa ilipobisha hodi, yeye ndiye aliyeleta mbegu mpya iliyokua mara mbili ya ile ya kwanza, na mji ukala. Ile ya zamani ilikuwa na bakteria wake walioitengenezea vitamini, walioishi pamoja kama mkunde na mhindi shambani, na walikuwa wasumbufu, wakifa tangi zima linaoza. Mpya haikuhitaji mwenza. Ilijitengenezea vitamini yenyewe. Walipima, ilikuwepo, tena tele.

"Mlipima kwa kipimo gani?" Tumpe akauliza.

Akamtajia kipimo. Kilikuwa kile kile cha kituoni, chenye kunasa kila kitu chenye umbo la vitamini ile.

Tumpe akakaa. Aliliona jambo lote kwa mara moja, akalieleza polepole kuliko kawaida yake. Kuna mwani, akasema, unaotengeneza kitu kinachofanana na vitamini hiyo karibu kila kiungo, isipokuwa kipande kimoja. Kipimo kinakiona na kukihesabu. Mwili pia unakipokea na kukipa nafasi. Lakini hakifanyi kazi. Ni ufunguo unaoingia kwenye kitasa na haugeuki, na ukiwa umekaa pale, ule wa kweli hauna pa kuingilia. Kwa miaka mitatu miili yao ilikuwa ikila akiba iliyohifadhiwa kwenye ini tangu siku za maziwa. Wajawazito, wanaogawana akiba hiyo na mtoto, ndio walioishiwa kwanza.

Lusajo aliivua kofia yake ya kazini, akaishika kwa mikono miwili. Halafu akauliza kama dawa ipo.

Ilikuwepo. Hospitali ya mkoa iliweka vichupa vya sindano kwa ajili ya watu walioondolewa tumbo la chakula, dawa ya vitamini halisi, nyekundu kama maji ya rozela. Mzee Ambakisye alipiga simu mwenyewe, na kesho yake dereva aliifikisha kabla ya adhuhuri.

*

Jumatano asubuhi Mzee Ambakisye alimwita Tumpe, akafunga mlango, akamwagizia chai isiyo na kijani. Alimsifu kwanza, na alimaanisha. Kisha akamuuliza anakusudia kumwambia nini Sekela.

Tumpe akasema atamwambia ukweli, kwamba mtoto hana tatizo.

"Huo si ukweli, mwanangu. Huo ni utabiri." Mzee aliongea bila ukali. "Chembe kubwa zinathibitisha kwamba mama anaumwa. Hazithibitishi kwamba mtoto ni mzima. Kelele zote zile za mama, kama kuna mtoto mgonjwa kweli chini yake, utamsikiaje?"

Tumpe alikuwa amekesha akiligeuzageuza swali hilo hilo. Sindano ya vitamini ingehitaji majuma kadhaa kuituliza damu. Ijumaa isingesubiri. Akimwambia Sekela asubiri, na majuma yale yakipita bangili ikabaki nyekundu, atakuwa amemfungia mlango wa sheria, na yule mwanamke atabeba maiti ndani yake hadi mwisho kwa sababu daktari alisisimka. Asipomwambia, atakuwa amemwacha atoe mimba ambayo huenda ni nzima, kwa ajili ya ugonjwa wa tangi la mwani. Mzee alipendekeza njia ya katikati: wamtibu kwanza mwanamke mwingine mwenye nafasi ya muda, wapate uthibitisho, ndipo waseme. Kwa Sekela, waseme tu kwamba uchunguzi unaendelea.

"Ukimpa tumaini usilolipima, umemwamulia," akasema.

"Na nikinyamaza, Mzee, nimemwamulia pia. Tofauti ni kwamba hatajua."

Mzee Ambakisye akasema hatamkataza, ila asimfichie hata upande mmoja.

Tumpe alipanda kilima kwenda kwa akina Sekela mchana huo huo, kichupa cha dawa mkobani. Walikuwa jikoni, chungu cha ndizi motoni. Alikataa kukaa mpaka amemaliza kusema. Akawapa yote: michoro minne iliyokuwa mmoja, chembe, ufunguo usiogeuka. Akawaambia anaamini mtoto ni mzima, na kwamba imani yake si ushahidi. Akawaambia kwamba chini ya kelele za damu ya mama panaweza kuwa na jambo la kweli la mtoto, na hakuna mtu Tanzania nzima anayeweza kulisikia kabla ya Ijumaa. Kama wakisubiri na yeye akawa amekosea, hakutakuwa na kurudi nyuma.

Lusajo alimtazama mke wake. Sekela aliendelea kukoroga chungu.

"Ungekuwa wewe?" akauliza.

"Ningesubiri," Tumpe akasema. "Lakini mimi sitamzaa."

Sekela aliutoa mwiko, akaufuta ukingoni mwa chungu, akaufunika moto majivu. Kisha akakunja mkono wa gauni mpaka begani na kumnyooshea daktari.

*

Ijumaa ilipita kama Ijumaa nyingine. Watoto wa shule walifua, kanisani kwaya ilifanya mazoezi, Sekela alisahihisha madaftari.

Wiki iliyofuata chembe changa zilianza kuonekana kwenye damu yake, wingi wake ukipanda kila Tumpe alipotazama, uboho ukiamka kama watu wanaorudi shambani baada ya kiangazi. Tumpe mwenyewe alijichoma. Asubuhi moja alikanyaga sakafu ya bafuni akasikia ubaridi wake, akasimama pale peku akicheka peke yake mpaka maji yakafurika kwenye ndoo.

Mchoro ulichelewa zaidi. Aliufungua kila siku na kila siku vilima vilikuwepo. Kisha kimoja kikashuka kidogo. Kisha viwili. Siku mabonde yalipoanza kujaa aliita kituo kizima kuja kutazama ukuta, na mpishi akaja na mikono yenye unga, na nesi wa zamu alilia. Baraza la mji lilikwisha kutangaza mambo yote kwa kipaza sauti, na foleni ya sindano ilizunguka uwanja. Juu ya mji Lusajo alikuwa ameifunga nusu ya matangi na kurudisha mbegu ya zamani na bakteria wake wasumbufu. Alilala huko huko akiwalea. Watu walikula ndizi na maharage bila kijani, na wengi walimtukana, na wengine walimpelekea blanketi. Bodi ya mkoa, baada ya barua za Mzee Ambakisye, ilikubali kwamba mama yeyote ambaye bangili yake ilivurugwa ahesabiwe muda upya kuanzia siku mchoro utakapotulia.

Kulikuwa na nyumba mbili ambazo Tumpe alilazimika kwenda bila habari njema. Wale wanawake wa mwanzo wa masika walikuwa wamemwamini, wakatoa mimba zao. Mmoja alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama mtoto wake alikuwa mzima, na Tumpe akasema hajui, na hatajua. Walikaa pamoja jioni nzima bila maneno mengi. Wa pili aliufunga mlango, na Tumpe alisimama nje kwenye mvua kwa muda, kisha akarudi. Alikwenda tena Jumapili iliyofuata, na nyingine, na mlango haukufunguliwa. Hakuacha kwenda.

Kisha ikaja asubuhi ambapo mchoro wa Sekela ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja.

Tumpe aliuona akiwa amebeba kikombe, na hakunywa. Vilima vyote vya mama vilikuwa vimekwisha. Kwenye kromosomu ya ishirini na moja palibaki kimoja, chembamba, kisichotikisika. Akajipima mwenyewe: mstari wake ulikuwa umenyooka kabisa. Akampima nesi: vilevile. Kilima kile hakikuwa cha damu ya mji. Kilikuwa cha mtoto.

Watoto wa ishirini na moja Igonile ilikuwa na mmoja tu, kijana mkubwa aliyefungua na kufunga geti la soko na kumjua kila mtu kwa jina. Baada ya bangili kuja hawakuzaliwa wengine. Kwao ilitoa njano, na baada ya njano familia nyingi ziliamua. Hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa tu hivyo.

Mzee Ambakisye aliutazama ukuta kwa muda. Hakusema kwamba alionya. Aliweka mkono begani kwa Tumpe, akamwambia waende wote, na Tumpe akamwomba amwachie aende peke yake.

Aliwakuta Sekela na Lusajo kwenye kibaraza, Lusajo ameshuka kutoka matangini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ndevu zimeota. Waliona uso wake wakasimama. Akawaambia bila kuficha upande wowote, kama Mzee alivyotaka: kwanza anachokijua, halafu asichokijua. Ile picha ya kifo ilikuwa ya damu ya Sekela na imepona. Chini yake alikuwepo mtoto mwenye kromosomu moja ya ziada. Atachelewa kutembea, atachelewa kusema, moyo wake utahitaji kuangaliwa. Muda wao sasa ulikuwa umefunguliwa upya na sheria. Walikuwa huru kuamua vyovyote, na hakuna mtu kituoni atakayewahukumu.

"Nyekundu ilisema hataishi," Sekela akasema polepole. "Hii inasema nini?"

"Inasema ataishi."

Sekela akageuka kumtazama mume wake. Lusajo alikuwa analia bila kujificha, na haikuwa wazi kwa nini hasa, kwa furaha au kwa uchovu au kwa matangi. Akasema mengi kwa Kinyakyusa, haraka, ambayo Tumpe aliyasikia lakini si yake kuyasimulia. Mwishoni Sekela aliingia ndani, akakaa huko. Wawili wa nje walisubiri. Wingu lilishuka mlimani likafunika migomba, likapanda tena.

Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kazini na kubeba mkoba wa madaftari. Alimwambia Tumpe kwamba ana kipindi cha saa nne. Kisha akaivua bangili, iliyokuwa ya njano sasa, akamwekea mkononi.

"Hii imekwisha kuniambia yote inayoyajua," akasema. "Sasa nitafutie mtu anayejua habari za moyo wa mtoto. Na yule mama wa kijana wa getini, kama yuko tayari, mwambie nitapita kwake jioni. Nina maswali."

Akashuka kilima. Lusajo akaivaa kofia yake na kupanda kwenda kwenye matangi.

Msichana alizaliwa katikati ya kiangazi, mdogo, mwenye sauti kali kuliko umbo lake, na daktari wa moyo aliyekuja kutoka Mbeya alimsikiliza muda mrefu na kusema tundu ni dogo, litajifunga lenyewe. Walimwita Tusekile, yaani tumefurahi. Tumpe alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, akamfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake, na alipotoka nje alikuta watu wengi uani kuliko alivyotarajia, wengi wao wameshika vyungu vya chakula. Miongoni mwao, pembeni kidogo, alisimama yule mwanamke wa mlango uliofungwa. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani, akauliza tu auweke wapi.